Je, Wajua? Viatu Vilivyomuumbua Mcheza Sataranji

Mashindano ya wazi ya sataranji hayangoji mwaliko. Mfanyakazi wa kiwanda pale Zone Industrielle, Bujumbura, anaweza kulipa kiingilio akaketi mbele ya bingwa.

Aprili 2023, Kenya Open ilikusanya Nairobi wachezaji zaidi ya 400 wa nchi 22. Kwa wanawake, zawadi kuu ilikuwa shilingi 500,000. Mgeni mmoja mwenye buibui, niqabu na miwani akaanza kuwabwaga vigogo, akiwemo Gloria Jumba, bingwa wa zamani wa Kenya. Hakutoa hata neno. Sataranji, bahati yake, haidai maneno.

Ila viatu vilikuwa vya kiume! Baada ya raundi ya nne waamuzi wakamwita pembeni: mwanafunzi wa chuo kikuu, mwanamume, aliyekiri kubanwa na pesa. Pointi zake zikafutwa.