Kabati Kuukuu si Kuni



Katika nyumba nyingi za hapa Masakta kuna kabati la vyombo. Lingine lilinunuliwa mnadani Katesh. Lingine mama aliletewa alipoolewa. Miaka inapita, moshi wa jikoni unaliweka weusi, mlango mmoja unaning'inia, kioo kinapasuka. Mwisho watu wa nyumbani wanasema, "Hili limekwisha. Tulipasue tupate kuni."

Ngoja kwanza, ndugu. Usishike shoka. Makala hii inaeleza mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwa nini kabati kuukuu, hasa lililopakwa rangi, halifai hata kidogo kuwa kuni. Jambo la pili ni jinsi ya kulitengeneza wewe mwenyewe, kulipiga vanishi na kulitia vioo upya.

KWA NINI TUSILICHOME?

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi ili zikauke haraka na zing'ae. Risasi ni sumu. Inadhuru ubongo wa mtoto, nayo inamdhuru mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini ambacho kinajulikana kuwa salama.

Sasa fikiri. Ukichoma mbao zenye rangi hiyo kwenye mafiga, moshi wake unavutwa na mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Sumu nyingine inabaki kwenye majivu. Na sisi majivu hatutupi. Tunasugulia sufuria, tunamwaga kwenye mboga. Sumu inarudi mezani kwa njia ya pili.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ina risasi. Kwa hiyo kila rangi kuukuu usiyoijua asili yake, ihesabu kuwa ina sumu.

Tena kuna suala la mbao yenyewe. Makabati mengi ya zamani yalitengenezwa kwa mbao ngumu kama mninga. Mninga hukua katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi, na huchukua miongo mingi hadi kufaa kupasuliwa mbao. Makabati mengi ya siku hizi ni ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Likilowa, linavimba na kumomonyoka. Basi anayechoma kabati la mninga akanunua la unga wa mbao, ametoa ng'ombe akachukua kuku.

KWANZA, LIPIME KABATI

Lisogeze mwangani. Chukua msumari, bonyeza miguu, pembe na mgongo wa kabati. Msumari ukizama kama kwenye ndizi, mbao hiyo imeliwa na mchwa au imeoza, nayo lazima ibadilishwe. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga mpya, bungua bado wamo ndani. Hapo muulize fundi seremala kabla ya kununua chochote. Lakini kama mbao ni ngumu na ubaya uko juu tu, kazi hiyo unaiweza.

HESABU YA VANISHI

Hapa kisomo kinatusaidia. Tuseme kabati lina urefu wa mita 1.8, upana wa mita 1.2, na kina cha mita 0.4. Tunapiga vanishi mbele, pande mbili na juu.

Mbele: 1.8 × 1.2 = mita za mraba 2.16
Pande mbili: 1.8 × 0.4 × 2 = mita za mraba 1.44
Juu: 1.2 × 0.4 = mita za mraba 0.48
Jumla: mita za mraba 4.08

Tutapiga mikono mitatu. Kwa hiyo 4.08 × 3 = 12.24. Lita moja ya vanishi hutosha kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Basi tunahitaji lita 1 na robo hivi. Nunua kopo la lita moja na la nusu lita. Asiyepiga hesabu hii hununua kopo kubwa likagandia stoo, au hununua dogo akaishia katikati ya mlango. Kaya tatu zenye makabati zaweza kuchanga na kununua kopo la lita 4 kwa pamoja.

Vifaa vingine ni hivi: msasa, gundi nyeupe ya mbao, puti, brashi ya inchi 2, tapentaini, bisibisi, nyundo ndogo na matambara safi.

Kuhusu msasa, angalia namba iliyoandikwa nyuma yake. Namba ndogo ndiyo yenye punje kubwa na kali. Namba 80 unakwaruza sana, namba 120 unalainisha, namba 220 unamalizia. Wengi huona 220 wakadhani ndiyo wenye nguvu zaidi. Sivyo.

KAZI YENYEWE

1. Toa vyombo vyote. Fungua milango, bawaba na vitasa. Skrubu zitie kwenye kikopo. Nyuma ya kila mlango andika kwa penseli: "kulia juu", "kushoto chini". Mlango ukirudishwa mahali pasipo pake haufungi vizuri.

2. Osha. Kabati la jikoni lina masizi na mafuta, na vanishi haishiki juu ya mafuta. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni na tambara. Usitumie maji ya magadi, kwani huweza kuitia weusi mbao ngumu. Suuza, kisha lianike kivulini siku mbili. Usilianike kwenye jua kali, litapinda na kupasuka.

3. Ondoa rangi au vanishi ya zamani. Kama ni vanishi tupu, kwaruza kwa msasa namba 80, na ufunge kitambaa puani. Kama ni rangi usiyoijua, fanya hivi. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na kisima. Watoto na mama wajawazito wasiwepo. Tumia msasa wa maji, ule usioharibika ukilowa, na uilowanishe rangi muda wote ili vumbi lisiruke. Kitambaa peke yake hakizuii vumbi la risasi. Tandika turubai chini, kusanya mabaki yote, yafunge kwenye mfuko uyafukie mbali na maji na shamba. Usiyachome. Ukimaliza, oga na ufue nguo zako peke yake kabla ya kumbeba mtoto.

Kama rangi ya zamani imeshika imara na haibanduki, si lazima kuitoa yote. Ilowanishe, ikwaruze kidogo tu ipoteze mng'ao, halafu piga rangi mpya juu yake. Sumu iliyofunikwa vizuri haimfikii mtoto.

4. Rekebisha. Kiungo kilicholegea kitie gundi, kisha kikaze. Huna jiriwa? Zungusha kamba kwenye kabati, pitisha kijiti kwenye kamba na ukisokote mpaka ikaze. Acha usiku kucha. Matundu yazibe kwa puti, au kwa unga laini wa msumeno uliochanganywa na gundi.

5. Lainisha. Piga msasa namba 120, halafu 220. Fuata nyuzi za mbao, usikatize. Mikwaruzo ya kukatiza haionekani sasa, lakini ukipiga vanishi yote itajitokeza. Pangusa vumbi kwa tambara lenye unyevu kidogo, uache likauke.

6. Piga vanishi. Soma kwanza maandishi ya kopo. Yanasema uchanganye na nini, usubiri saa ngapi, na tahadhari ni zipi. Vanishi ya mafuta huchanganywa na tapentaini, ya aina nyingine huharibika ukiichanganya hivyo. Kama kopo linaruhusu, mkono wa kwanza uwe mwepesi: vikombe vinne vya vanishi kwa kimoja cha tapentaini. Kikombe hicho kisirudi jikoni. Koroga polepole kwa kijiti. Ukitikisa kopo unaleta mapovu.

Paka kidogo kidogo kufuata nyuzi. Acha mpaka siku ya pili. Juni na Julai, baridi ya Hanang' ikishuka, subiri siku mbili. Ukigusa na kidole kikinata, bado. Likikauka, pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, pangusa, piga mkono wa pili. Rudia kwa mkono wa tatu. Fanya kazi hii mahali penye hewa lakini pasipo upepo wa vumbi, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

UKITAKA KULIREMBA

Milango mingi ya zamani ina mifereji na nakshi. Kama umepiga kabati rangi nyeupe au ya maziwa, unaweza kuzitokeza nakshi hizo. Changanya rangi ya mafuta ya kahawia kidogo na vanishi na tapentaini mpaka iwe nyepesi. Paka juu ya rangi iliyokauka kabisa, sehemu ndogo kwa mara moja. Subiri dakika chache, kisha futa kwa tambara. Juu inafutika, kwenye mifereji kahawia inabaki kama kivuli. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mlango. Ikikauka, piga vanishi nyeupe juu ili isichubuke.

KUTIA VIOO

Vaa glavu nene unapotoa vipande vya kioo kilichovunjika. Kwangua puti ya zamani kwa uangalifu uleule wa rangi kuukuu. Pima nafasi ya kioo kwa milimita, kisha punguza milimita 3 kwenye urefu na 3 kwenye upana. Nafasi ikiwa 600 kwa 400, agiza kioo cha 597 kwa 397. Mbao hutanuka wakati wa mvua, na kioo kilichobanwa hupasuka chenyewe. Unene wa milimita 3 au 4 unafaa. Mwachie muuza vioo akate.

Tandaza puti nyembamba, laza kioo, kisha kishikilie kwa fito nyembamba za mbao na misumari midogo. Unapogonga, weka kipande cha boksi gumu kati ya nyundo na kioo.

HADHARI YA MATAMBARA

Matambara yenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja huanza kupata joto yenyewe, na yanaweza kuwaka moto bila kibiriti. Si hadithi. Yaloweke kwenye maji, kisha yatandaze nje mojamoja mpaka yakauke. Usiyasahau kwenye kona ya stoo.

KABATI LILILOLOWA MAJI

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang' yakavamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na mali nyingi ziliharibika. Maji huingia ndani ya nyumba hata katika mvua za kawaida, kwa hiyo yafaa kujua. Kabati la mbao ngumu likilowa, lioshe tope mara moja kabla halijagandia. Fungua milango na droo. Linyanyue juu ya matofali, kivulini, upepo upite. Subiri wiki kadhaa, mpaka limekauka mpaka ndani. Ukipiga vanishi juu ya unyevu, itatoka mabaka meupe na kubanduka.

BAADA YA KAZI

Acha milango wazi wiki nzima kabla ya kurudisha vyombo, harufu iishe. Weka kabati juu ya matofali ili mchwa na unyevu wa sakafu ya udongo visiufikie mguu wake. Lisogeze mbali na mafiga. Lifute kwa tambara na sabuni kidogo. Usilisugue kwa majivu wala steelwaya.

MAMBO YA KUKUMBUKA

– Mbao yenye rangi kuukuu haichomwi.
– Rangi usiyoijua husuguliwa ikiwa mbichi, si kavu.
– Namba ndogo ya msasa ndiyo kali.
– Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mzito.
– Matambara ya vanishi hayarundikwi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Majivu ya jikoni kwako yanakwenda wapi? Je, unajua kila kilichochomwa humo?
2. Kabati lina urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kina cha mita 0.5. Kwa mikono mitatu ya mbele, pande mbili na juu, utanunua lita ngapi za vanishi?
3. Jirani yako amekwisha kupasua kabati lenye rangi ya zamani, na kuni ziko jikoni. Utamweleza nini, na mbao hizo azifanyie nini?