Vifaa vya kudizaini tovuti viko bure kila mahali: Hivi ndivyo jarida lako la imeli linaeza kukutoa

Kitambo, kujifunza kudizaini tovuti kulitaka doh ya chuo, doh ya programu na doh ya vitabu. Saa hii karibu kila kitu ni bure, na hapo ndipo noma inaanzia. Unawasha lapi saa mbili usiku ukisaka fonti moja tu. Ikifika saa sita, kurasa arobaini ziko wazi, data imekata na tovuti ya kinyozi wa watu haijaguswa.

Kama vifaa vimejaa hivyo, msee mwenye anaeza kuchuja na kuwatumia wengine vitu vitano vya maana kila wiki ana kitu ya thamani. Hiyo ndiyo kazi ya jarida la imeli. Na kwa dizaina mwenye bado hajulikani, ni njia poa ya kujulikana bila kuomba mtu kazi.

Anza na hivi

Kusoma: MDN Web Docs ya Mozilla ndiyo kamusi ya HTML, CSS na JavaScript. freeCodeCamp, yenye ilianza 2014, inakupea masomo na mazoezi kwa brauza, na hulipi hata bob.

Kuchora na kuandika: Figma iko na mpango wa bure wa kuchora kurasa. Visual Studio Code ya Microsoft ni bure pia, na ndiyo wasee wengi wanaandikia kodi (si ile ya landilodi).

Fonti: Google Fonts iko tangu 2010, na leseni zake zinakuruhusu kutumia fonti kwa kazi ya mteja bila kulipa.

Picha: Unsplash na Pexels ziko na picha mob za bure. Lakini kama tovuti ni ya saluni ya Umoja, dem wa nywele ya dhahabu atauza braids aje? Cheki Nappy, yenye inatoa picha za watu weusi bure. Na bado, picha ya duka la mteja mwenyewe, imepigwa na mwanga wa mchana, itashinda zote.

Kupima: PageSpeed Insights ya Google inakuambia tovuti iko slow wapi. Can I Use inakuonyesha kitu fulani ya CSS inafanya kazi kwa brauza gani. Squoosh inapunguza uzito wa picha.

Kuweka hewani: GitHub Pages inabeba tovuti ya kurasa za kawaida bila malipo.

Jambo moja usisahau: picha kutokea kwa Google haimaanishi ni ya bure. Soma leseni kwanza, juu mwenye picha akija, atamtafuta mteja wako, na mteja atakutafuta wewe.

Chuja kama mtu wa kununua data

Majarida makubwa ya dizaini yako. Smashing Magazine ya Ujerumani ilianza 2006. A List Apart ilianza 1997 kama orodha tu ya imeli, na ni hapo Mei 2010 Ethan Marcotte aliandika makala iliyoipa jina dizaini ya tovuti moja yenye inajipanga kulingana na ukubwa wa skrini. Leo karibu kila tovuti unafungua kwa simu inatumia hiyo idea.

Sasa wewe utawaambia nini wasee wenye tayari wanasoma hizo? Utawaambia venye kitu inafanya kazi hapa. Kabla linki iingie kwa jarida lako, ipitishe kwa maswali matatu:

1. Inafunguka fiti kwa simu ya Android ya bei ya chini, ukitumia data ya kununua?
2. Leseni inaruhusu kazi ya kulipwa?
3. Maandishi yanasomeka ukiwa stage saa saba mchana, jua likiwa kali? Kiwango cha kimataifa cha WCAG kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma. Ile kijivu laini juu ya nyeupe yenye inapendwa sana mara nyingi hufeli hapo.

Halafu andika sentensi mbili tu. Kwa mfano: "Squoosh. Picha ya simu ya MB 4 inaeza kushuka hadi chini ya KB 300 ukipunguza upana na kuigeuza iwe WebP, na mteja hataona tofauti." Msomaji ameelewa, ameokoa data, na atarudi wiki ijayo.

Wafuasi ni wa kukopa, orodha ni yako

Akaunti ya mtandao wa kijamii inaeza kufungwa usiku mmoja na wafuasi wote waende nayo. Orodha ya imeli unaidownload kama faili na kuhama nayo. Hii si stori ya kutisha watu. Mpango wa bure wa Mailchimp ulikuwa unabeba watu 2,000, baadaye ukakatwa hadi 500. Mwenye alikuwa na nakala ya orodha yake alibeba wasomaji wake akatafuta kwingine. Kwa hivyo kila mwezi weka nakala mahali salama.

Usiishie kwa spamu

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wamekaza. Nunua domeni yako, hata .co.ke, uache kutuma jarida na anwani ya Gmail. Halafu weka SPF, DKIM na DMARC. Usiogope hayo majina: ni kama kitambulisho chenye kinathibitisha imeli imetoka kwako kweli. Huduma yako ya kutuma itakupea maandishi ya kubandika kwa mipangilio ya domeni. Malalamiko ya spamu nayo yasifike 0.3%, yaani watu watatu kwa kila 1,000.

Dizaini pia iwe simple. Outlook ya zamani (classic) ya Windows tangu 2007 imekuwa ikitumia injini ya Word kuonyesha imeli, kwa hivyo mapambo mengi huharibika. Gmail nayo hukata imeli ikipita KB 102. Safu moja, maandishi makubwa, picha chache. Na usijipige kifua na idadi ya waliofungua: tangu 2021 Apple inaficha hiyo, namba zinadanganya. Hesabu wenye wamebonyeza linki na wenye wamejibu.

Usiongeze watu bila ruhusa

Kuchukua anwani za grupu ya WhatsApp na kuzitupa kwa orodha ni kujitafutia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla utumie data yake kibiashara, na Ofisi ya Kamishna wa Data inaeza kukupiga faini. Weka fomu, weka linki ya kujitoa, na mtu akitoka mwache aende.

Doh iko wapi?

Substack, yenye iko tangu 2017, inakata 10% ya kile wasomaji wanalipa, na malipo yanapitia Stripe, si M-Pesa. Kwa msomaji wa hapa hiyo ni ukuta. Lakini doh ya kwanza mara nyingi si ya wasomaji kulipa. Ni ya kazi. Mwenye duka akikusoma miezi sita na aone unajua kitu unasema, siku anataka tovuti hatauliza "mnajua dizaina?" Atakupigia. Matoleo yako ya zamani ndiyo potifolio. Na ukilipwa kutaja kitu, sema wazi imelipiwa, juu ukipoteza imani ya wasomaji hakuna programu ya bure ya kuirudisha.

Usingoje watu elfu. Tafuta ishirini wenye wamekubali wenyewe, chagua siku moja ya wiki, na andika matoleo matatu kabla utangaze la kwanza, ndio wiki ya mitihani au ya kazi nyingi isikupate mikono mitupu. Linki tano, sentensi mbili mbili, zote umezijaribu kwa simu yako. Kazi ni kwako.