Jina Langu Amelitoa Wapi?

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe huo ni wa kutafutwa kwa tochi. Anayeutuma hakujui. Ametupa wavu kwenye namba nyingi, akitumaini mmoja wetu leo anadaiwa kodi ya nyumba na haraka itamzuia kuuliza. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoizoea, usikie sauti yake, na hapo umeshamaliza. Anayenikosesha usingizi ni mwingine: yule anayekupigia na kukutaja kwa majina yako yote matatu.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alipigiwa hivyo. Kijana alimwamkia kwa adabu, akamtaja majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, akasema anatoka huduma kwa wateja na kwamba laini ya mama inafungwa jioni ile kwa kuwa usajili una kasoro. Akamwomba amsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye ujumbe mfupi. Akasoma; kumbe zilikuwa za kufungulia WhatsApp yake. Saa moja haikupita, ndugu na majirani wakaanza kupokea WhatsApp kutoka kwake: naomba niazime laki mbili, kesho asubuhi narudisha. Wawili walituma.

Hakuwa mjinga, na ninachukia kusikia watu wakisema hivyo. Aliniuliza swali ambalo kila mmoja wetu angeuliza: "Mwanangu, kama hakuwa mtu wa kampuni, jina langu amelitoa wapi?"

Tapeli amelitoa kwenye simu yake mwenyewe. Ukitaka kumtumia mtu pesa, mtandao hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha kwa namba ya siri. Utaratibu huo uliwekwa ili tusikosee, na umeokoa fedha nyingi. Ila tapeli naye huandika namba yako, husoma jina, kisha hughairi muamala. Hajatumia hata shilingi. Kwa hiyo mtu kulijua jina lako hakuthibitishi kwamba anatoka popote.

Vipande vingine vya taarifa zetu tunaviacha njiani sisi wenyewe. Chukua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa fikiria wangapi wametumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa, kwa kuwa nao una tarakimu nne na hausahauliki. Anayeiona nakala ya kitambulisho chako ameshapata pa kuanzia kubahatisha. Na nakala hizo zimezagaa: kwenye kompyuta ya steshenari ulikokwenda kuchapisha barua ya maombi, kwenye kundi la WhatsApp la kikoba, hata kwenye karatasi za ofisini zinazoishia kufungia karanga. Mimi siondoki steshenari mpaka nimeona faili langu limefutwa. Mwenye duka hununa, lakini hufuta.

Kidole nacho kina hadithi yake. Tangu Januari 20, 2020, laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini, na nia ilikuwa kila namba iwe na mwenyewe anayejulikana. Lakini wako wasajili wasio waaminifu wanaokwambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Ukiweka tena, huenda umesajili laini ya pili ambayo hutaiona kamwe, na siku ikitumika kuibia watu, polisi watakutafuta wewe. Piga *106#, ni bure, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika wakaifute.

Kuna ujanja mwingine usiojulikana sana. Mpigaji hukuelekeza ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani, eti kuhakiki laini. Huo ni msimbo wa kuhamishia simu kwa mtu mwingine; ukimaliza kuubonyeza, simu zako humwendea tapeli, zikiwemo zile za kukusomea tarakimu za uthibitisho. Kama umeshafanya, piga ##002# kufuta uhamishaji wote.

WhatsApp ya shangazi tuliirudisha kwa kuisajili upya kwenye simu yake. Kisha tukawasha uhakiki wa hatua mbili ulio kwenye mipangilio, unaodai namba ya siri ya ziada ambayo haiji kwa ujumbe mfupi. Ningewasha mapema, wale ndugu wawili wasingepoteza hela, na hilo linaniuma. Na ule ujumbe wa "ile hela" ukikujia, usambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Maana yake unaruhusiwa kumuuliza mlinzi getini au karani wa mikopo kwa nini anataka namba yako ya NIDA, na ataiweka wapi. Juzi shangazi aliuliza hivyo kwenye jengo moja la ofisi. Mlinzi alifikiri kidogo, akamwambia aandike jina tu.