Impreza ya Zamani: Lipia Matunzo, Usilipie Muungurumo

Katika magari ya mbio yaliyotoka Japani miaka ya 1990, machache yamependwa Afrika Mashariki kama Subaru Impreza WRX. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda mashindano hayo kwa gari la jina hilohilo. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakiyashangilia magari yale leo ni watu wazima wenye kipato, na baadhi yao wanatafuta la kwao la kuendesha Jumapili.

Hamu hiyo haina ubaya. Tatizo ni kwamba wengi hulinunua gari la mbio la miaka 20 au 30 kwa vigezo vya gari la kwendea kazini: mwaka, kilomita, rangi na bei. Kwa umri huo vigezo hivyo havisemi mengi. Impreza mbili zilizotoka kiwandani mwezi mmoja zinaweza leo kuwa vitu viwili tofauti kabisa, moja ikiwa imebadilishwa oili kwa wakati maisha yake yote, nyingine ikiwa imepita mikononi mwa vijana wanane waliokuwa wakishindana usiku. Kinachouzwa hapo ni matunzo, na matunzo yana ushahidi unaoweza kukaguliwa.

Linatoka wapi?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Impreza ya mwaka 1998 unayoonyeshwa Nairobi au Mombasa imekuwa kwenye barabara za Kenya kwa miaka mingi. Mwulize mwenye gari fundi wake ni nani, risiti ziko wapi, na limepitia mikono mingapi. Linganisha namba ya chasi iliyo kwenye chuma na ile iliyo kwenye logbook, pamoja na namba ya injini, kwa sababu injini nyingi za magari haya zilikwisha kufa na kubadilishwa.

Tanzania bado inaruhusu magari ya umri huo, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu, na ushuru huo ni sehemu kubwa ya gharama. Anayeagiza Japani adai karatasi ya ukaguzi wa mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa vizuri. Herufi R au RA humaanisha limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea amekwisha kukujibu.

WRX, STI, au mavazi tu?

Tundu la hewa juu ya boneti, bawa la nyuma na nembo ya STI, toleo lenye nguvu zaidi la WRX, huuzwa madukani. Ndiyo maana Impreza nyingi za kawaida hutembea zikiwa zimevikwa mavazi ya mbio. Namba ya chasi haivikwi. Kwa magari yaliyotengenezewa soko la Japani, sedani ya WRX ya kizazi cha kwanza huanza na GC8. Katika kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2000, GDA ni WRX na GDB ni STI. Ukikuta GG3, hilo ni gari la familia la lita 1.5, hata likinguruma namna gani. STI ya kizazi cha pili pia ina giaboksi ya gia 6, ilhali WRX ya wakati huo ilikuwa na gia 5.

Usibabaishwe na maneno kuhusu nguvu. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2004, watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze gari lenye nguvu inayozidi farasi 280. Kwa hiyo tarakimu ya kwenye karatasi haisemi kila mara nguvu halisi ya gari.

Injini ikiwa baridi

Injini ya magari haya, EJ20, ina silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na tabo inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ina nguvu na huishi muda mrefu ikitunzwa, lakini haivumilii oili chafu wala oili pungufu. Beringi za konrodi ndizo huumia kwanza.

Fika asubuhi na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono: ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, basi rudi siku nyingine. Injini ikiwaka, kelele ndogo ya kugongagonga inayopotea inapopata moto ni ya kawaida kwa pistoni za injini hizi. Mlio mzito wa kugonga unaobaki injini ikiwa ya moto, na unaoongezeka ukikanyaga mafuta, ni beringi. Hapo safari yako imeisha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mapovu yasiyokoma kwenye tangi la maji ya rejeta huashiria gasketi ya silinda hedi.

Kisha lipia kipimo cha mgandamizo wa silinda zote 4. Si lazima ukariri kiwango. Angalia kama zinalingana. Silinda moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko wenzake, huenda pistoni au valvu imeumia. Mwisho, uliza lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na puli zake na pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huohuo. Ukikatika injini ikiwa inafanya kazi, valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu kazi hiyo kama deni lako na uipunguze kwenye bei.

Giaboksi, tairi na kutu

Giaboksi ya gia 5 huvunjika meno kwa kuondoka kwa kishindo. Endesha, punguza mwendo, rudi gia ya pili na ya tatu taratibu, ikikwaruza, imechoka. Zungusha usukani hadi mwisho na uzunguke polepole uwanjani. Gari likisita na kurukaruka, difu ya kati imekufa. Difu hiyo huuawa na tairi zisizolingana, maana magurudumu yote manne husukuma gari. Ukikuta tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha, umejua mwenye gari alivyokuwa akiokoa pesa.

Kutu huanzia kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na pale shokamzoba za nyuma zinapofungwa. Inua zulia la buti uangalie. Kwa magari yaliyokaa pwani, chunguza pia chini ya sakafu.

Gari lisiloguswa ndilo lenye thamani

WRX ya Japani ilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo huwa kati ya oktani 98 na 100. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Mtu akiongeza msukumo wa tabo na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini bila kuzingatia mafuta hayo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja kuta za pistoni. Ndiyo sababu bomba kubwa la moshi na vipimo vya ziada kwenye dashibodi havipaswi kuongeza bei hata shilingi. Wakusanyaji wa magari duniani hulipa zaidi kwa lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukilipata lililo safi, tenga angalau robo ya bei yake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza: oili, mkanda, breki, tairi 4 za aina moja. Ulizia bima mapema, kwani baadhi ya kampuni hukataa kutoa bima kubwa kwa magari ya umri huo. Na kama bajeti yako inatosha gari tu bila matengenezo, subiri. Gari la bei nafuu la aina hii humfilisi mnunuzi kwa awamu, na mwisho hutumia zaidi ya aliyenunua lile la ghali lenye risiti zote.