Je, Wajua? Taya la Rukwa

Kisukuku cha kale zaidi kinachojulikana cha jamii ya sokwe kilichimbwa katika Bonde la Rukwa, upande wa Mbeya. Kilitangazwa mwaka 2013 kwa jina Rukwapithecus: kipande cha taya chenye meno, umri wake miaka milioni 25 hivi!

Mabaki ya namna hii huzua ubishi. Nairobi, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo alipinga Makumbusho ya Taifa kuonyesha visukuku kuwa ushahidi wa mageuko ya binadamu; mtafiti wa visukuku Richard Leakey akavitetea kwa nguvu. Mwaka mmoja kabla, katika ubishi kama huo kuhusu mageuko, mahakama ya Marekani ilikataza shule za umma za Dover, Pennsylvania, kufundisha “usanifu wenye akili” (dai kwamba viumbe viliundwa na msanifu mwenye akili) kama sayansi.

Mwanafunzi wa Iringa anayetaka kujionea mabaki ya kale ana bahati ya pekee. Korongo la Isimila, lenye mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, liko kilomita 20 hivi kutoka mjini.