Injini Iliyolala

Injini kuukuu ya dizeli, mathalan ile 3L ya Toyota iliyozitumikia Hiace katika barabara zetu, ishushwapo kutoka kontena la Japani na kulazwa sakafuni dukani kwa muuza spea wa Gerezani, yamkini imedhurika kwa usingizi wake kuliko kwa safari zake. Kwani chuma kizungukacho kila siku hupata mafuta yake kila siku, ilhali kilicholala miezi kadhaa, mafuta yakiwa yameteremka yote katika sampu, yaani lile karai la chini, hubaki kitupu mbele ya hewa na unyevu wa bahari.

Katika miaka ya 1880 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alipokuwa akizichunguza beringi za ekseli za magari ya moshi, alitoboa tundu juu ya beringi kwa nia ya kutilia mafuta, akastaajabu kuyaona mafuta yenyewe yakipanda na kububujika nje. Akaliziba tundu kwa kizibo cha mti, na kizibo nacho kikasukumwa kikatoka. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaibainisha sababu kwa hesabu: mhimili ukizunguka huyakokota mafuta na kuyasonga katika mwanya unaozidi kuwa finyu, hata nguvu yake ikatosha kuubeba mhimili wote usigusane na chuma kinachoushika. Krenki ya injini, basi, ni jahazi lielealo juu ya utando mwembamba kuliko unywele, walakini jahazi la namna hii huelea likienda tu. Likisimama, hukaa mwambani, na saa ya kung'oa nanga ndiyo saa ya kujikwaruza.

Kwa hiyo sioni raha hata kidogo nimwonapo muuzaji, ili kumtuliza mnunuzi, akiiwasha injini papo hapo sakafuni kwa betri na chupa ya dizeli, pasi na maji, na kwa mafuta meusi yaliyokuja nayo. Ngurumo ya dakika moja huthibitisha kwamba inazunguka. Haithibitishi kwamba haikuumia katika dakika iyo hiyo.

Fundi mwenye subira huanza kwa kufungua sampu. Matope yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji yaliyoingia katika mafuta, na vumbi la chuma linalometameta ni ngozi ya beringi zilizokwisha kulika. Aonaye hayo na airudishe injini kabla hajatumia senti nyingine. Akiridhika, hutoa plagi za kupashia moto, akamimina kijiko cha mafuta safi katika kila silinda, akaiacha hata asubuhi ili ringi zilizoshikwa na kutu hafifu zilegee, kisha akaizungusha krenki kwa mkono, kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, kwa sababu kemshafti inayoendesha valvu huzunguka mara moja tu kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ikigoma, asiilazimishe. Dizeli hii huibana hewa mara 22 hivi hata ikapata joto la kuwasha mafuta bila cheche, na ili kuibana kiasi hicho pistoni hupanda karibu mno na valvu. Mkanda wa taiming ukiwa umeruka meno, viwili hivyo hukutana.

Mkanda wenyewe, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, utupwe bila mjadala, madhali saa ya kilomita ilibaki katika gari lililovunjwa huko ng'ambo na hakuna ajuaye umekwenda mwendo gani. Na kuna sili ya nyuma ya krenki, mpira wa bei ndogo ambao ukikauka huvujisha mafuta kwenye klachi: leo, injini ikiwa chini, hubadilishwa kwa muda mfupi, ila kesho itabidi giaboksi nzima ishushwe kwa ajili yake. Pampu ya maji na themostati zimo katika hesabu iyo hiyo.

Injini ikishafungwa garini, ikatiwa maji na mafuta mapya, dizeli hufungiwa kwanza isifike, na stata ikapigwa kwa vipindi vifupi, injini ikizunguka bila kuwaka, mpaka ile taa nyekundu ya mafuta izimike. Hapo ndipo dizeli inapofunguliwa.