Paa la Nyumba Lililoshonwa kwa Viraka

Mpe mtoto kipande cha mkaa, umwambie achore kitu akipendacho. Mara nyingi atachora nyumba: ukuta, mlango, na paa juu yake. Watu wazima nao ni vivyo hivyo. Huko Marekani, watu wa mashamba wasiosomea uchoraji wametia nyumba katika kazi za mikono yao tangu zamani. Wasichana waliojifunza kutarizi walishona herufi za alfabeti kitambaani, na mara nyingi chini yake wakaweka nyumba.

Lakini nyumba tunayotaka kuwasimulieni leo ni ya viraka.

Majira ya baridi ya huko ni makali, na blanketi la dukani ni fedha. Basi mama maskini hukusanya nguo zilizochakaa, akazikata vipande na kuviunga pamoja. Huweka pamba katikati na kitambaa kingine chini, kisha hushona tabaka zote tatu ziwe kitu kimoja. Mitindo ya kuunga viraka ina majina yake, na mingi imepewa jina la nyumba. Uko mtindo wa Nyumba ya Shule. Uko wa Nyumba ya Magogo, ambao katikati yake huwekwa kiraka chekundu, nao husema ni moto wa jikoni. Na uko wa Paa la Nyumba.

Huu wa mwisho unapendwa sana Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama. Mto Alabama umekizunguka pande tatu. Wazee wao walikuwa watumwa katika shamba la pamba la mzungu aitwaye Pettway, na hata leo wengi huitwa kwa jina hilo. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, walibaki palepale wakilima ardhi isiyo yao na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Upepo ulipenya kila ufa, hata akina mama wakabandika magazeti ukutani kuuzuia.

Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki. Watu wa mjane wake wakaja kudai madeni. Walichukua mifugo, majembe, na hata chakula cha ghalani. Familia nyingi zingalikufa njaa kama Msalaba Mwekundu usingaliwapelekea chakula.

Katika nyumba za namna hiyo ndimo akina mama waliposhona Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kiraka kidogo cha mraba. Hukizungushia vipande virefu pande zote nne, kisha vingine, na vingine tena, mraba ndani ya mraba, mpaka kitanda kinaenea. Ukilitandika, ni kama unatazama paa kutoka juu. Mama asiyekuwa na hakika na paa lake mwenyewe aliwafunika watoto wake kwa paa la viraka.

Baadaye kidogo serikali ilinunua ardhi ile, ikajenga nyumba mpya za mbao, na katika miaka ya 1940 wanakijiji wakapewa nafasi ya kuzinunua kwa mkopo. Faida yake ilionekana katika miaka ya 1960, watu weusi walipodai haki ya kupiga kura. Kwingineko wapangaji waliojiandikisha walifukuzwa mashambani. Watu wa Gee's Bend walikuwa kwao, hakuna wa kuwatoa. Lakini mwaka 1962 pantoni ya kuvuka kwenda mji wa Camden, walikokwenda kujiandikisha, iliondolewa. Hawakurudishiwa pantoni mpaka mwaka 2006.

Mwaka 1966 akina mama wa huko na jirani zao waliunda chama cha ushirika cha kuuza mablanketi yao. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na wataalamu wakastaajabu. Mwaka 2006 serikali ilitoa stempu za barua kumi zenye picha za mablanketi hayo.

Lakini wenyewe hawakushona kwa ajili ya majumba ya sanaa. Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu, zilizopauka kwa jua na kuchakaa magotini, akazishona blanketi apate kumkumbuka na kujifunika. Binti yake Arlonzia alimsaidia.

Msomaji, nyumba ya miti na udongo huanguka, hata ya mawe hupata ufa. Mama yule alibaki na suruali kuukuu na sindano tu, na kwa hivyo viwili aliifunika nyumba yake.